Mtaalamu wa Uwanja wa Khartoum

Bonface Kirimi alikuwa amefufua viwanja vitatu vya ndege vilivyoharibiwa na vita, na hakuwa amekanyaga hata kimoja. Jambo hilo hakulificha. Ni vile tu hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Kadi yake ya kazi ilimtaja kuwa Mshauri Mkuu wa Ufufuaji wa Viwanja vya Ndege Baada ya Migogoro, cheo kirefu kilichohitaji herufi ndogo sana, na wengi waliopewa kadi hiyo waliitia mfukoni kwa heshima kabla ya kufika mwisho wa mstari.

Zamani alikuwa mpanga foleni. Katika jumba moja la maduka kaskazini mwa London, msimu wa Krismasi, watoto walipokuja kupiga picha na mzee wa ndevu za pamba, Bonface ndiye aliyefunga kamba na kuamua nani asimame wapi. Kazi hiyo aliiweza. Siku moja akaja Alkesh, mfanyabiashara wa Kenton ambaye wazazi wake walitoka Kisumu, akiwa na wajukuu wake. Aliona foleni ndefu inasogea na hakuna mtoto anayelia. Akasikia lafudhi ya Kimeru. Kampuni yake, iliyoitwa Upeo, ilikuwa imepewa na kampuni nyingine, iliyopewa na kampuni nyingine tena, kazi ya kushauri jinsi abiria watakavyopita katika uwanja wa nchi fulani iliyotoka vitani. Alichokosa Alkesh ni Mwafrika wa kuwekwa kwenye jalada la ripoti.

"Wewe unajua foleni," alimwambia kwa Kiswahili alichookota dukani kwa baba yake. "Na uwanja wa ndege ni nini, bwana? Ni foleni yenye paa."

Ndivyo mambo yalivyoanza. Ofisi ya Bonface ilikuwa meza ya jikoni katika fleti ya kupanga huko Kilburn, juu ya duka la kutengeneza simu. Alifungua picha zilizopigwa na setilaiti, akatazama video fupi zilizorekodiwa na watu waliokuwa huko, kisha akachora mishale: ya buluu kwa wanaowasili, myekundu kwa wanaoondoka. Mkewe Maureen, muuguzi, aliporudi kutoka zamu alimkuta amezitandaza karatasi zake mpaka kwenye sinki.

"Baba Gakii, sogeza uwanja wako," angemwambia. "Nataka kukata kitunguu."

Kazi ya Khartoum ndiyo iliyompa jina. Vita vilikuwa vimeuacha uwanja ule ukiwa na ndege zilizoungulia palepale zilipoegeshwa, kumbi zisizo na vioo, na njia ya kurukia iliyotobolewa kama chujio. Baadaye mashimo yakazibwa, taa zikarudi, ndege zikaanza tena kutua, moja leo, nyingine baada ya siku kadhaa. Wasudani wenyewe ndio waliofagia, wakabeba vifusi, wakavuta nyaya juani. Bonface kwa upande wake alichora mishale. Lakini kwenye makongamano ya London, mishale ndiyo iliyopigiwa makofi.

"Uwanja wa ndege si lami," alipenda kusema, kisha ananyamaza kidogo ili watu wapate nafasi ya kuandika. "Uwanja wa ndege ni imani."

Alkesh aliyachapisha maneno hayo kwenye vikombe vya chai na kuwagawia wateja.

*

Katika fleti iliyokuwa kati yao na duka la simu alikaa Siham, mfamasia, pamoja na mama yake, Bi Ummukulthum. Mama huyu alizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, akaolewa na Msudani, mhandisi wa maji aliyekwenda Mombasa kikazi na kurudi kwao na mke. Maisha yake yote ya utu uzima yalikuwa Khartoum. Vita vilipoanza, Siham alimtoa kwa mabasi hadi mpakani, na kutoka mpakani hadi London, safari iliyomharibu magoti. Mumewe, Mzee Idris, alikataa kuondoka. Alisema nyumba isiyo na mtu haikosi kuingiwa na watu.

Tangu hapo Bi Ummukulthum alikuwa Kilburn, akizungumza na mumewe kila simu iliposhika, akiilaani baridi, na kuwafundisha wauza samaki wa barabara kuu jinsi samaki anavyotazamwa macho. Alikuwa akimpenda Bonface. Alipenda kuwa juu ya kichwa chake kulikuwa na mtu anayejenga uwanja wa kumrudisha kwake.

"Mwanangu, wafikia wapi?" angemuuliza wakikutana ngazini.

"Tunaenda vizuri, Mama. Wiki hii nimemaliza sehemu ya mizigo."

"Mungu akupe nguvu za mikono," angesema bibi, akidhani ni kazi ya mikono.

Ndipo Alkesh alipobuni Msafara wa Imani. Wageni wachache, mpiga picha, na Wasudani wa London waliotaka kurudi makwao wangepanda ndege pamoja, wabadilishe Cairo, watue Khartoum, wapigwe picha wakitabasamu chini ya mishale ya Bonface. Msafara ungetangazwa kwenye kongamano katika hoteli moja karibu na Marble Arch. Bi Ummukulthum aliposikia, siku hiyohiyo alimtaka Siham amkatie tiketi. Siham alikata, maana mama yake hakuwa mtu wa kubishiwa, lakini alikuja hotelini akiwa na swali.

Bonface alikuwa amevaa suti ya kijivu na tai ya buluu, rangi ya wanaowasili. Alizungumza vizuri sana siku hiyo. Alieleza jinsi abiria anavyohitaji kuuona mlango wa kutokea kabla hajauona mlango wa kuingilia. Hakuna aliyeelewa, na wote waliitikia kwa kichwa. Ulipofika wakati wa maswali, Siham akasimama. Mazungumzo yote yalikuwa kwa Kiingereza, lakini yeye aliuliza kwa Kiswahili cha mama yake, ili Bonface asipate pa kujificha.

"Kaka Bonface, mimi ni jirani yako, wanijua. Mama yangu ataka kupanda ndege hii. Sitaki habari za mishale. Mama yako mzazi, yule aliyekuzaa, ungempandisha?"

Mama mzazi wa Bonface alikuwa Nkubu, na hata lifti ya hospitali hakuwahi kukubali kuipanda. Bonface alitazama ukumbini. Walikuwepo watu wa benki, watu wa balozi, na kamera. Pembeni alisimama Alkesh, akimtazama kwa yale macho ya mtu anayelipa mshahara.

"Ningempandisha," alisema Bonface. "Tena mimi mwenyewe ningeketi kando yake, nimemshika mkono."

Mtu mmoja aliwatafsiria wengine. Ukumbi ukapiga makofi, mama mmoja wa benki akajifuta machozi, na Alkesh akaruka jukwaani kabla makofi hayajaisha.

"Na ndivyo itakavyokuwa!" alitangaza. "Bonface ndiye atakayeongoza msafara!"

Bonface aliendelea kutabasamu, kwa sababu uso ulikuwa umeshajipanga hivyo na hakujua jinsi ya kuupangua.

*

Maureen alizipokea habari hizo akiwa anavua viatu vya kazini.

"Safi sana," alisema. "Utaniletea karanga. Nasikia za kule ni tamu."

"Maureen, mimi siendi Khartoum."

"Kwa nini? Si umesema kwenye ile video ya Alkesh ni salama kuliko uwanja wa Luton?"

"Hiyo ilikuwa lugha ya kitaalamu."

"Na kwa lugha ya kawaida?"

Bonface alianza kukusanya karatasi zake kutoka kwenye sinki. Ukweli ni kwamba hakuwa na sababu ya kuutilia shaka uwanja ule. Kila alichosoma kilionyesha kwamba watu walikuwa wakitua na kuondoka. Shida ni kwamba alizijua ripoti. Alijua jinsi yake mwenyewe ilivyoandikwa, kati ya kitunguu na sinki, na wazo kwamba huenda mhandisi wa taa naye aliandika ya kwake vivyo hivyo, na rubani naye, na fundi wa breki naye, lilimkosesha usingizi.

Basi akaanza kutafuta njia. Kwanza alimwambia Alkesh kuwa pasipoti yake inakaribia kuisha muda. Alkesh alikuwa na mtu anayemfahamu katika ofisi ya pasipoti, na pasipoti mpya ikaja haraka kuliko pitsa. Kisha akakumbuka chanjo ya homa ya manjano. Alisema amesikia kliniki zimejaa. Maureen akamwambia asihangaike, atamchoma yeye mwenyewe, tena bega atakalolichagua. Kisha akasema binti yao Gakii ana mitihani na anahitaji baba karibu. Gakii, aliyezaliwa London na kusikia kila kitu, alijibu kwa Kiingereza bila kuinua macho kwenye simu kwamba mitihani iliisha zamani, na kwamba baba aende tu.

Zilipobaki siku chache, Bonface alianguka ngazini.

Alianguka vizuri. Alihakikisha kwanza hakuna anayepanda wala kushuka, akaketi taratibu kwenye ngazi ya mwisho, kisha akapiga kelele. Bi Ummukulthum ndiye aliyetoka wa kwanza, akishika ukuta kwa ajili ya magoti yake, akamshika kichwa na kumsomea dua. Maureen alishuka nyuma yake.

"Mguu gani?"

"Huu."

Alimbonyeza kifundo, akamzungusha kisigino, akamtazama machoni. Alikuwa ameona vifundo vilivyovunjika vingi kuliko viatu alivyowahi kumiliki.

"Pole sana, baba," alisema kwa sauti iliyomtisha Bonface kuliko ndege yoyote. "Hii ni mbaya."

Akaleta bendeji, akamfunga kuanzia vidole hadi chini ya goti, kwa ustadi wote wa hospitali. Baadaye dada yake alipomuuliza kwa nini alimsaidia mtu katika uongo wake, alijibu kwamba aliishi na uwanja wa ndege jikoni kwake kwa miaka, na alitaka kuona huu utatua wapi.

Alkesh alipigiwa simu. Bonface alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa masikitiko, kwa kufutwa kazi. Hakuwa amejiandaa kwa furaha.

"Mguu?" Alkesh alipaza sauti. "Hawezi kutembea kabisa? Bwana, hii ni zawadi! Tulikuwa na ukurasa mzima kuhusu abiria wanaohitaji msaada na hatukuwa na picha hata moja. Utaenda kwa kiti cha magurudumu! Utasukumwa hadi mlangoni mwa ndege, utashushwa Khartoum kwa kiti. Dunia itaona!"

"Lakini daktari..."

"Mke wako ni nani? Si muuguzi? Mpe simu."

Maureen alichukua simu. Alisema kwa maoni yake mgonjwa anaweza kusafiri, mradi asikanyage chini.

*

Asubuhi ya safari, Heathrow ilikuwa imejaa. Wasudani wa msafara walikuwa wamefika mapema na mizigo mikubwa iliyofungwa kwa nailoni: mashine ya kushonea, betri za sola, dawa, blanketi, sufuria mpya. Hawakuonekana kama watu wanaoongozwa na yeyote. Walipimiana mizigo, wakahamisha vitu kutoka sanduku hili hadi lile, wakabembeleza watoto, wakagombana na mfanyakazi wa kaunta na kupatana naye.

Alkesh naye alikuwepo, amevaa koti zuri, ila hakuwa na sanduku. Alieleza kwamba wikiendi ile mpwa wake alikuwa na harusi Leicester. Roho yake, alisema, itakuwa ndani ya ndege. Bonface alimtazama kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu na kwa mara ya kwanza akamwona mwenzake wa kweli katika taaluma ile.

Kijana wa uwanja alimsukuma hadi mbele ya kaunta, mpiga picha akirudi kinyumenyume mbele yao. Watu walimpisha. Mzee mmoja alivua kofia. Bonface alikuwa ameulaza mguu wake mweupe kwa bendeji mbele kama mzinga, na alikuwa akifikiria choo. Alikuwa amepanga kwamba akishavuka ukaguzi ataomba choo, ajifungie humo, na atoke ndege ikiwa juu ya Ufaransa.

Siham na mama yake walikuwa nyuma kidogo. Siham alikuwa ameomba kiti cha magurudumu kwa ajili ya mama yake, akakumbusha, akakumbusha tena, na kila alipouliza aliambiwa kinakuja. Bi Ummukulthum alikuwa amesimama ameegemea toroli, na magoti yalikuwa yakimtetemeka ndani ya baibui.

Alipomwona Bonface hakuzungumzia kiti. Alisogea na toroli lake mpaka alipokuwa.

"Mwanangu, na mguu huo bado waja? Kwa ajili yetu?"

"Ni wajibu, Mama."

"Hebu ngoja." Akafungua mkoba, akatoa chupa ndogo ya mafuta ya habasoda. "Haya yamemponya marehemu babangu. Nipe mguu."

"Hapana, Mama, wamesema usiguswe..."

Lakini bibi alishaketi kwenye ukingo wa sanduku lake na mguu ulishakuwa mapajani. Mpiga picha alikaribia. Alijua kitu kizuri akikiona. Alkesh alimwonyesha dole gumba. Bi Ummukulthum akaanza kuizungusha ile bendeji, mzunguko baada ya mzunguko, akiikunja vizuri kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa kitambaa. Mwisho ukatokea mguu wa mwanamume mwenye afya, mkavu kidogo kwa kukosa hewa. Hapakuwa na uvimbe wala alama.

Bibi akamimina mafuta kiganjani, akaanza kuusugua unyayo. Na Bonface Kirimi, Mshauri Mkuu, mtu wa makongamano, alikuwa anatekenyeka sana miguuni. Alijitahidi. Aliuma mdomo, akashika mikono ya kiti. Kisha kicheko kikamtoka, kikali kama cha mtoto, na mguu ule uliovunjika ukapiga teke hewani, ukachanua vidole vyake vyote vitano mbele ya kamera.

Watu waliokuwa karibu wakageuka kutazama. Bi Ummukulthum aliushusha mguu ule chini taratibu. Alimtazama Bonface usoni kwa muda, kisha akainama kidogo ili wasisikie wengine.

"Waogopa?"

"Ndiyo, Mama."

"Umewahi kufika Khartoum?"

"Sijawahi."

Siham alikuwa amesikia. Alikuja akasimama mbele ya kiti, na sauti yake haikuwa ya chini hata kidogo.

"Hujawahi kufika? Nilikuuliza mbele ya watu wote wale. Mbele ya watu! Ukaniambia utamshika mkono. Kumbe huo mkono ulikuwa ukiandaa bendeji! Mama, twende nyumbani. Sasa hivi."

"Siham," alianza Alkesh, akija na mikono yote miwili mbele, "tusiharakishe mambo, dada yangu, mtaalamu wetu amepata nafuu ghafla, na hilo lenyewe ni..."

"Na wewe sanduku lako liko wapi?" Siham alimgeukia.

Alkesh akakumbuka ana simu ya kupokea.

Bonface alisimama. Alikuwa na kiatu mguu mmoja, na mwingine ulikuwa uking'aa mafuta. Lilimjia jambo ambalo alidhani ni ujasiri. Mbele yake foleni nzima ya msafara ilikuwa ikimtazama, familia na mizigo yao, watu ambao, alijiambia, walikuwa wameyaweka maisha yao katika maneno yake. Aliona kwamba lazima awaambie ukweli, hata kama uwanja mzima utatetemeka, hata kama watarudi majumbani wakilia.

"Jamani, nisikilizeni!" aliita, kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kiingereza. "Mimi sijawahi kufika Khartoum. Sijaona ile njia ya kurukia. Sijaona mnara. Ripoti yote niliiandika jikoni kwangu Kilburn. Sijui kama ni salama! Sijui chochote! Ninawaomba radhi kwa kuwaamini... kwa kuniamini!"

Akasubiri kilio.

Mwanamume aliyekuwa na mashine ya kushonea alimtazama kwa upole.

"Tunajua, ndugu," alisema kwa Kiingereza. "Tafadhali sogea kidogo. Foleni inaenda."

Na kweli ilikuwa inaenda. Walimzunguka, upande huu na upande ule, kama maji yanavyozunguka ndoo. Mmoja alikuwa na kaka yake anayefanya kazi palepale uwanjani. Mwingine alikuwa ameshakwenda na kurudi. Mwingine hakujua chochote, ila mkewe alikuwa kule. Hakuna aliyekuwa amekata tiketi kwa sababu ya Bonface. Wachache kati yao walikuwa hawajui ni nani. Walidhani ni mgonjwa fulani aliyechanganyikiwa, na msichana mmoja alimpa chupa ya maji.

Jambo hilo lilimuumiza Bonface kuliko matusi yote ya Siham. Aligeuka kwa Bi Ummukulthum, akitafuta angalau mtu mmoja wa kumwomba radhi.

"Mama, wewe uliniamini. Nisamehe."

"Mimi?" Bibi alikuwa akifunga chupa yake. "Mwanangu, mume wangu yuko kule. Idris aliniambia mwezi uliopita taa zawaka na ndege zashuka, aziona kutoka paani kwetu. Lakini hata angeniambia hakuna taa, ningekwenda. Wewe nilikuwa nakuombea tu, kwa sababu nilikuona wachoka na zile karatasi." Akanyoosha mkono. "Sasa nipe hicho kiti. Wewe una miguu."

Bonface alimsaidia kuketi. Siham alikuwa akilia kwa hasira, lakini alipiga magoti, akamweka mama yake miguu vizuri, akamfunika shali. Hakusema tena habari ya kurudi nyumbani. Alijua kwamba amekwisha kushindwa, na si na mtaalamu yeyote.

"Nisukume," Bi Ummukulthum alimwamuru Bonface. "Hadi pale mlangoni."

Akamsukuma, akiwa na kiatu kimoja, akiacha alama za mafuta ya habasoda sakafuni, Siham akitembea pembeni ameushika mkono wa mama yake. Kwenye lango la ukaguzi yule kijana wa uwanja alichukua kiti. Siham alimbusu mama yake paji la uso na viganja. Bibi alimtazama Bonface, kisha akaitazama pasipoti mpya iliyochungulia kwenye mfuko wa koti lake. Lango lilikuwa wazi. Tiketi alikuwa nayo. Hakuna aliyemzuia.

"Basi," alisema bibi, na akasukumwa ndani.

Bonface alisimama pale mpaka mabega ya bibi yalipotoweka. Kisha akarudi kutafuta kiatu chake.

*

Video ya mguu ule, iliyorekodiwa na yule mpiga picha, ilizunguka. Ilichekesha watu Nairobi kwa siku kadhaa, ikawachekesha wa Khartoum kwa muda mrefu zaidi. Alkesh alitoa taarifa kwamba Bwana Kirimi amepumzishwa kwa sababu za kiafya, na kwamba nafasi yake imechukuliwa na Collins, kijana mwenye shahada mbili na tabasamu la kutulia. Collins naye hakuwa amefika Khartoum. Alkesh alimshauri mapema asikubali maswali ya Kiswahili.

Bonface alikaa nyumbani. Meza ya jikoni ilirudi kuwa meza, na Maureen alikata vitunguu vyake kwa nafasi. Hakumcheka tena. Alikuwa ameshacheka vya kutosha Heathrow siku ile, kwa mbali, nyuma ya mashine ya kahawa, alikokwenda baada ya zamu bila kumwambia mumewe. Siham alipita ngazini bila kumwamkia kwa majuma mengi, naye Bonface akawa anasubiri mlango wa chini ufungwe ndipo ashuke.

Kisha jioni moja Siham akabisha hodi kwao. Uso wake ulikuwa bado mgumu, lakini alikuwa ameshika simu mbele yake, na ndani ya simu alikuwa mama yake, ameketi uani, nyuma yake ukuta wenye matundu ya risasi na kamba ya nguo.

"Yuko wapi yule mtu wangu?" Bi Ummukulthum aliuliza. "Mleteni nimwone."

Bonface akaja, akifuta mikono.

Bibi alimweleza kila kitu, bila kuulizwa. Walitua saa za adhuhuri. Joto lilimpiga usoni mlangoni mwa ndege, akalia hapohapo. Ukumbi ni mdogo, nusu una paa jipya na nusu wamefunika kwa mabati. Kiti cha magurudumu hakikuwepo. Wabeba mizigo wawili walimbeba kwenye kiti cha plastiki, wakiimba. Mishale haikuwepo. Palikuwa na mzee mmoja mlangoni aliyekuwa akionyesha kwa kidole, wanaotoka huku, wanaongoja mizigo kule, na mizigo yake ilikuja siku ya nne.

"Na Mzee Idris?" Maureen aliuliza.

"Huyo! Alichelewa!" Bibi alipandwa na ghadhabu upya. "Miaka yote hiyo, nafika, simwoni. Nimeketi juu ya kiti cha plastiki kama bidhaa. Kumbe bwana amekwenda kwa kinyozi! Ati hakutaka nimwone na mvi. Akaja akikimbia, ndevu upande mmoja zimenyolewa, upande mmoja bado, kwa sababu alisikia ndege ikishuka akaruka kitini. Nilimgombeza mbele ya watu wote mpaka askari akaniomba nipunguze sauti."

Nyuma yake, uani, mzee mmoja mwenye kidevu kilichonyolewa pande zote mbili alipita na birika, akapunga mkono kwenye simu, akatoweka.

Maureen alikuwa anacheka na kulia. Hata Siham aligeuza uso. Bonface alikuwa ameketi, mikono mapajani, akisikiliza kama mtu anayehadithiwa kuhusu nyumba aliyoichora na hakuwahi kulala ndani yake.

"Waja lini uione Khartoum?" bibi alimuuliza. "Pasipoti si unayo?"

"Inshallah, Mama," alisema Bonface.

Maureen alimtazama. Alikuwa ameolewa na Mmethodisti wa Meru kwa muda wa kutosha kujua maana ya inshallah ile, na akarudi kwenye sufuria yake.